Usinunue Spea Nyingine Kabla Fundi Hajakuonyesha Ugonjwa

"Dada, nisaidie. Toyota Wish niliyonunua inalala gereji kuliko nyumbani."

Ujumbe huu umetoka kwa kaka mmoja wa Arua. Ameshabadilisha plagi, koili na pampu ya petroli, na gari bado linakunywa mafuta na halina nguvu. Namjibu hapa ili wengine nao wasome, maana najua wengi wenu mnaweka akiba mwache kubanana kwenye taksi, mpate gari lenu.

Toyota Premio yangu niliinunua Kampala, kwa mtu aliyekuwa ameitumia hapa hapa Uganda. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi, kwa hiyo ya zamani tunauziana sisi kwa sisi. Injini ni 1NZ, mafundi wanaijua. Rangi inang'aa, viti safi. Nikafika nayo Tororo kwa furaha.

Kisha ikaanza kumaliza petroli. Fundi akasema plagi, na kweli zilikuwa nyeusi kwa masizi. Tukaweka mpya, zikawa nyeusi tena. Akasema tusafishe nozeli zinazopuliza petroli. Halafu sensa ya oksijeni, ambayo niliifuata Kisekka, soko la spea la Kampala, kwa pesa ya kuongeza mali dukani. Nilipouliza kwa nini kila kitu kipya hakisaidii, alimgeukia mume wangu: "Mzee, mwambie mama hayo ya injini atuachie sisi." Gari ni langu, pesa ni yangu, na jibu akapewa mwingine. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja, kwenye foleni ya Mukono, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu.

Aliyeniokoa ni kijana wa gereji moja Mbale. Kabla hajashika spana aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akanionyesha kodi (namba ya hitilafu) aliyoisoma: P0128. Maana yake, maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Nikamwambia haiwezekani, gari limechemsha juzi! Akafungua mahali pa thamostati. Palikuwa patupu. Ilikuwa imeng'olewa.

Hapo ndipo alinieleza kila kitu, na mimi nakueleza wewe. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie kama nyuzi 82. Gari langu lilikuwa limejazwa maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti (maji maalumu ya injini yanayozuia kutu), kutu ikaziba rejeta, likawa linachemsha. Mtu akang'oa thamostati ili kuficha, likauzwa. Sasa injini ikibaki baridi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Petroli hiyo ya ziada ndiyo inayoacha masizi kwenye plagi. Na rejeta iliyoziba inangoja foleni au kilima ili ikuaibishe. Ugonjwa ulikuwa mmoja, mimi nikanunua dawa za kila aina.

Tuliweka rejeta, thamostati na kulanti, akapima kama gasketi ya silinda hedi, ambayo joto kali huiharibu, imepona. Ilikuwa nzima, namshukuru Mungu. Wiki iliyopita nimepanda nayo Kapchorwa, nimepita Sipi na abiria wanne na mizigo, mshale haukusogea. Nilitamani yule fundi wa kwanza awe amekaa kiti cha nyuma.

Kaka wa Arua, angalia kwanza una injini gani. Wish ya toleo la kwanza (2003 hadi 2009) ya 1.8 ina 1ZZ. Ile ya 2.0 ina D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na inataka fundi anayeijua. Je, kabla ya kukubadilishia pampu alipima presha? Alisoma kodi akaiandika, au aliifuta tu ili taa ya injini izime? Muulize fundi wako: umejuaje? Muulize tena kwa kila spea. Ulizeni, jamani! Dada zangu, ninyi hasa, ulizeni hata wakiwakunjia uso. Kila spea iliyotoka irudishwe mkononi mwako, na kila kazi iandikwe kwenye daftari pamoja na kilomita, ili fundi wa pili asianze upya kwa pesa yako.

Na wewe ambaye hujanunua bado, nenda asubuhi gari likiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta (kamwe usikifungue injini ikiwa moto, utaungua vibaya) na utazame maji. Yakiwa ya kahawia, ujue kuna kutu. Kisha liwashe, uliache lingurume mpaka feni iwake na kuzima, huku macho yako yako kwenye mshale. Muuzaji akikuambia ameshalipasha moto ili usisumbuke, usilipe siku hiyo. Lala Kampala, urudi kesho yake mapema bila kumpigia simu.