Kigeu kisichogeuka, tukiite nini?

Msomaji wetu wa Nyegezi, Mwanza, anawaandikia wenzake maelezo ya XSLT kwa Kiswahili, ile lugha ya kompyuta ya kuchukua hati ya XML (maandishi ambayo kila kipande kimewekewa alama ya kusema ni nini) na kutoa hati nyingine. Kaandika "kigeu hakigeuki", kigeu akimaanisha variable, yaani jina linaloshika thamani kwenye programu, wenzake wakamwambia hicho sio Kiswahili. Anauliza aandikeje.

Mdogo wangu, wenzako wana hoja. Kigeu ni ndugu yake geuka, geuza na kigeugeu, yule mtu wa leo hivi kesho vile, kwa hiyo ukitamka kigeu sikio linasubiri kitu kibadilike. Na kwenye XSLT tangu toleo la kwanza la 1999 ukishakipa thamani ndo basi, huwezi kukipa nyingine palepale. Mimi ningeandika "jina" tu: thamani hii tumeipa jina uzito. Kila mtu anaelewa.

Chukua hati ya mwalo wa Kirumba yenye sangara watatu, kilo 4, 3 na 5, unataka jumla (najua fanksheni, yaani kipande cha programu unachokiita kikupe jibu, ya kujumlisha ipo tayari, ila tuifanye kwa mkono tuone). Waliozoea lugha zingine wanaanza na sifuri wanaongeza humohumo. Huku unaandika fanksheni inayochukua 4 na kujumlisha na jibu la waliobaki, ambalo ni 3 kujumlisha jibu la waliobaki, ambalo ni 5 na sifuri maana orodha imeisha, unapata 12. Uzito umekuwa 4, kisha 3, kisha 5, lakini hakuna uzito uliobadilika, kila wito, yaani kila mara fanksheni inapoitwa, una uzito wake.

Hapo wengi wanaandika "fanksheni inajirudia", mi sikubali. Kinachojirudia kinatokea tena chenyewe, kama homa. Hii inaitwa, na anayeiita ni yenyewe, so andika "inajiita yenyewe", na hilo yenyewe usilitupe kabisa, maana "anajiita" peke yake ni kujipa jina, kama kijana wa stendi anayejiita Profesa.

Halafu nimeona umeandika "kugeuza hati". Sato ukimgeuza kwenye kikaango ni yuleyule, kalalia upande mwingine. XSLT hati ya mwanzo haiigusi, inabaki ilivyokuwa, na pembeni inatoka mpya. Andika "kutoa hati mpya kutokana na hati hii", ni ndefu kidogo lakini ndo kinachotokea.