Kwa dada anayeomba ukaazi wa waandishi kwa mara ya kwanza

Dada, ukaazi ni nafasi ya kwenda kukaa mahali kwa muda, uandike tu, kwa ufadhili wa wenyeji. Kabla hujajaza fomu, soma kwanza ufadhili wenyewe unatoa nini. Upo unaotoa kitanda, chakula na nauli. Upo unaokulaza na kukulisha, tiketi juu yako. Na upo unaotoa meza na fedha, kitanda ukajitafutie. Kule Menton, kusini mwa Ufaransa, kuna ufadhili wa kumbukumbu ya Katherine Mansfield, mwandishi wa hadithi fupi mzaliwa wa New Zealand, ulioanza mwaka 1970 kwa waandishi wa New Zealand, wake kwa waume. Wanapewa chumba cha kuandikia chini ya Villa Isola Bella, alikoishi Mansfield akiugua kifua kikuu, kabla hajafariki mwaka 1923 akiwa na miaka 34. Pa kulala kila mtu anajitafutia.

Ufadhili ukibeba jina la marehemu, mjue ni nani na aliandika nini. Ila barua yako isigeuke tanzia. Wanaochagua wanataka kusikia habari za kitabu chako.

Kurasa unazotuma ndizo zitakazokuombea. Usitume utangulizi unaoeleza ukoo mzima wa mhusika. Tuma pale ambapo mambo yameshachacha. Kama unaandika Kiswahili na wasomaji wao hawakijui, mtafute mfasiri anayesoma riwaya. Aliyezoea kutafsiri vyeti vya kuzaliwa atakuulia mazungumzo yote.

Lililo zito liko nyumbani. Nani atabaki na watoto? Lizungumze kabla ya kutuma maombi, maana jibu likishakuja kila mtu ana neno. Mama mkwe mwendee mwenyewe, usimtume mumeo. Andika kwenye karatasi dawa za mtoto, siku za ada, na jina la jirani wa kupigiwa simu usiku. Mkubaliane saa moja ya kuongea kwa siku, na nje ya saa hiyo simu izime.

Ukifika, usishangae ukilala sana siku za mwanzo. Huo ni uchovu wa miaka. Usishangae pia ukishindwa kukaa huku mtu mwingine anakutolea sahani. Nilikokaa mimi, mpishi alipokuja kuondoa vyombo tuliinuka karibu wote, kila mmoja na bakuli mkononi, akatuambia tukae. Nilihisi kama nimemkosea mtu adabu. Tulia, kaa. Hedgebrook, katika kisiwa cha Whidbey huko Marekani, ilianzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya hilo hasa: wanawake wanaoandika wapewe kijumba msituni, wapikiwe, wasidaiwe chochote. Muda huo umepewa kwa sababu kazi yako inastahili, wala hujamnyang'anya mtu.

Nenda na muswada uliokwisha kuanza, uliochapwa kwenye karatasi. Anayekwenda kutafuta wazo humaliza wiki nzima akitazama dirisha. Viza iombe mara upatapo barua ya mwaliko, maana miadi ya ubalozini huchelewa.

Na kama safari ya mbali bado ni ngumu, anzia karibu. FEMRITE ya Kampala, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa mwaka 1995, kimewahi kuwakaribisha wanawake kutoka nchi nyingine za Afrika kukaa na kuandika pamoja. Wanaokusomea kazi huko wanayajua maisha yako, na hawatakuuliza ugali ni nini.