Uliza Tukujibu: Eti ule wimbo wa moshi ni wa bangi?

Swali: Shikamoo kaka. Mi najifunza gitaa kanisani kwetu hapa Dodoma, mwalimu wetu alinianzishia na ule mwanzo wa Smoke on the Water ya Deep Purple na sasa naupiga vizuri tu. Shida kuna mwenzangu kwenye kwaya ananisema kila siku, eti huo ni wimbo wa madawa, eti moshi maana yake bangi, na nisiupige kwenye vyombo vya kanisa. Mi Kiingereza cha kwenye nyimbo kinanipita. Ukweli ni upi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mwenzako huo moshi ni moshi wa jengo lililoungua, na siku yake inajulikana, Jumamosi tarehe 4 Desemba 1971, mji wa Montreux kule Uswisi, kando ya Ziwa Geneva. Ule wimbo ni taarifa ya habari. Ukitafsiriwa mstari kwa mstari utaona ni mtu anakuhadithia tulikuja huku kufanya nini, nini kikatokea, nani aliokoa watu, tukaishia wapi, basi.

Ilikuwa hivi. Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, walikuja Montreux kurekodi albamu. Hawakutaka studio ya kawaida, walitaka sauti ya ukumbi kama wanavyosikika jukwaani, kwa hiyo wakakodi lori la kurekodia la bendi ya Rolling Stones, yani gari zima ndani yake mmejaa mitambo, unalipaki nje unavuta waya mpaka kwa wapigaji. Ukumbi wenyewe ulikuwa kasino ya mji, ambayo ilikuwa inafungwa kwa majira ya baridi, ila ilibaki shoo moja tu ya mwisho, ya Frank Zappa na bendi yake Mothers of Invention. Deep Purple wakaenda kuangalia kama watazamaji wengine, wakijua kesho yake ukumbi ni wao.

Shoo ikiwa imekolea kuna mtu kwenye umati akafyatua bastola ya miale, ile ambayo mabaharia wanarusha mwanga juu kuomba msaada. Mwale ukapiga dari. Haukuchukua muda mrefu Zappa akasimamisha muziki akawaambia watu watoke kwa utulivu, na jamani hapo ndo huwa nashukuru kila nikisoma hii habari, ukumbi umejaa vijana, moto uko juu ya vichwa vyao, na hakufa hata mtu mmoja. Mkurugenzi wa tamasha la jazi la pale, Claude Nobs, alikuwa anakimbia ndani na nje kuwatoa vijana waliokuwa wamejificha humo ndani wakidhani wako salama. Ndo yule Claude anayetajwa kwenye wimbo. Kasino ikaungua yote na vyombo vyote vya Zappa vikateketea humo.

Deep Purple wakabaki hotelini wanaangalia. Upepo ulikuwa unateremka kutoka milimani unausukuma moshi, ukatanda juu ya ziwa. Siku chache baadaye mpiga besi Roger Glover akaamka asubuhi na maneno hayo mdomoni, moshi juu ya maji, akayasema kwa sauti akiwa peke yake chumbani. Na hapa mwenzako ana kaukweli kidogo, maana mwimbaji wao Ian Gillan alivyoyasikia hakuyapenda, alisema yanasikika kama wimbo wa madawa na sisi ni bendi ya pombe. Kwa hiyo hiyo hofu ya kwaya yenu ilianzia kwa wenye wimbo wenyewe.

Sasa ukumbi umeungua kabla hawajarekodi noti moja. Nobs akawatafutia ukumbi mwingine katikati ya mji, Pavillon, wakafunga vyombo na usiku wakaanza kupiga. Mpiga gitaa wao Ritchie Blackmore akaja na ile gitaa unayoijua wewe. Fikiria sauti ya bendi kama ile usiku kwenye mji mdogo wa Uswisi, majirani wakapiga simu polisi, polisi wakaja wakawa wanagonga milango, wale vijana wa kubeba vyombo wakaishikilia kwa ndani isifunguke mpaka muziki ukakamilika kwenye tepu. Ndo wakatolewa. Yani muziki unaousikia kwenye albamu ni wa usiku huo, ila ulikuwa bado hauna maneno.

Wakahamia Grand Hotel, hoteli kubwa iliyofungwa kwa baridi, haina wageni. Wakapiga kwenye korido, wakaziba kwa magodoro ili sauti isizunguke. Lori liko nje, na kulifikia ilibidi upite vyumba na vibaraza mpaka uchoke, mwishowe wakaacha hata kwenda kusikiliza walichorekodi, wakipiga wakiridhika basi wanasonga. Albamu ilipokaribia kuisha wakakuta kuna muziki umekaa tu hauna maneno, ule wa Pavillon, ndo wakaandika hii habari yote kama ilivyotokea.

Kinachonigusa mimi ni kwamba hawakujua wameshika nini. Albamu, Machine Head, ilitoka Machi 1972 na wao walitegemea wimbo mwingine kabisa ndo utabamba, Never Before. Smoke on the Water ilikuja kutolewa singo Marekani mwaka 1973 ikafika namba 4 kwenye chati za huko.

Kuhusu upigaji, angalia kitu kimoja. Wengi wanaukwaruza kwa piki na chodi nzito, Blackmore hapigi hivyo. Ni nyuzi mbili tu, ya tatu na ya nne, unaanza zikiwa wazi, halafu freti ya 3, halafu ya 5, na unazivuta zote mbili kwa vidole kwa wakati mmoja ili zilie pamoja. Jaribu leo utasikia tofauti. Na ule unene si gitaa peke yake, mpiga kinanda wao Jon Lord alipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya ya gitaa akaja juu ya noti zilezile.

Swali: Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja. Nimeona picha ya sanamu ya Freddie Mercury na chini wameandika Montreux. Yeye mtoto wa kwetu, kule alifikaje?

Jibu: Waalaykum salaam dada, na swali lako limekuja wakati mzuri kweli maana linaingia humuhumu. Ile kasino iliyoungua ilijengwa upya ikafunguliwa 1975, ndani yake ikawekwa studio, Mountain Studios. Queen, bendi ya Freddie, walirekodi pale 1978, mwaka uliofuata wakainunua kabisa. Under Pressure waliyofanya na David Bowie ilirekodiwa pale 1981. Freddie, mzaliwa wa Mji Mkongwe 1946, alirudi pale hata mwaka wake wa mwisho, 1991, akiwa mgonjwa sana na bado anaimba. Sanamu iliwekwa 1996, imesimama ukingoni mwa ziwa, ziwa lilelile la ule moshi.

Swali: Kaka, kuisikiliza Smoke on the Water nianze na ya studio au ya laivu?

Jibu: Studio kwanza, na uvae hedifoni. Gitaa linaanza peke yake, wenzake wanaingia mmoja mmoja, besi ya Glover ndo inakuja mwisho na ikiingia utajua tu. Ukishaizoea tafuta ya laivu kwenye albamu yao ya Made in Japan, ilirekodiwa Osaka Agosti 1972.