Mteja anahamia kwenu na cheti cha ISO 9001: anza na sababu

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kumpa mara moja cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora) mteja anayetoka shirika jingine la uthibitishaji kwa kuwa cheti chake cha zamani "bado kina miezi" kabla ya kuisha. Hapana, msimpe hivyo. Hati ya IAF MD 2, yaani masharti ya kimataifa ya kuhamisha vyeti kati ya mashirika ya uthibitishaji, inataka mpitie faili lake kwanza.

Muulize kwa nini anahama. Mara nyingi jibu ni bei, na hiyo ni haki yake. Ila wapo wanaokimbia kasoro kubwa waliyoandikiwa, na hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo dai ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa kuhuisha cheti, za ufuatiliaji zilizofuata, pamoja na malalamiko yaliyopokelewa. Kasoro kubwa iwe imerekebishwa na marekebisho kuhakikiwa. Ndogo, angalau mpango wake uwe umekubaliwa.

Hakikisheni cheti ni hai na kina ithibati inayotambulika, yaani waliokitoa wameidhinishwa na chombo kinachokubalika. Kilichosimamishwa hakihamishiki. Msitegemee nakala aliyowaletea mteja: waandikieni waliokitoa, kwani wanawajibika kuwapa taarifa. Wakiwanyima na hamna njia nyingine ya kujiridhisha, mchukulieni kama mteja mpya kabisa, hata akinuna.