Iodini, chumvi na shingo ya mama

Ndugu, umeuliza kama, kwa zile habari za mpango wa kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, huko Kilifi, ununue chumvi yenye iodini gunia zima uweke ndani, ikukinge na mionzi ajali ikitokea. Usinunue. Mimi si daktari, ila nimekaa nyumba moja na iodini 131, iodini ya mionzi, aina ileile iliyotoka Chernobyl, kinu cha Ukraine kilicholipuka 1986. Ilikuwa mwilini mwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa na rovu, tezi ya shingo imevimba, moyo wamwenda mbio, mikono yatetemeka mpaka chai humwagika. Tukampeleka Nairobi. Kabla ya dawa, ndiyo hiyo iodini 131, akaambiwa wiki mbili asiguse samaki, mayai, maziwa wala chumvi ya dukani. Mtu wa Malindi, wiki mbili bila samaki! Alikula wali na mchicha huku amenuna. Mimi nilielewa baadaye: tezi ya shingo ina uchu wa iodini na haichagui. Ukiinyima, ikiletewa ile ya mionzi inaibugia yote, na hapo ndipo inapounguzwa.

Kidonge cha iodini kinachotolewa kinu kikipata ajali hufanya kinyume. Unaishibisha tezi mapema kwa iodini safi, ile chafu ikija ikose pa kukaa. Poland mwaka huo wa Chernobyl waliwapa iodini safi watoto zaidi ya milioni 10. Huko karibu na Chernobyl kwenyewe, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yaliyochafuka, na maelfu wakaja kupata saratani ya tezi. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 130 za potasiamu iodidi, ambamo iodini yenyewe ni kama miligramu 100, na hunywewa serikali ikitangaza, kabla ya wingu la mionzi kufika au saa chache tu baadaye. Sasa piga hesabu: chumvi yenye miligramu 40 za iodini kwa kilo, ule kilo mbili na nusu ndipo ufikie dozi moja. Chumvi itakuua kwanza. (Wachina waliimaliza madukani Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima, Japani. Bure tu.) Iodini ya kupaka vidonda nayo usiinywe.

Tena kidonge hulinda tezi peke yake. Sesiamu 137, kitu kingine cha mionzi kitokacho kinuni, huingia nyamani, na hupungua nusu kwa miaka 30. Hapo ni kukimbilia ndani, nyumba ya mawe kuliko ya makuti, ufunge madirisha, uvue nguo za nje uzitie ndani ya mfuko wa plastiki, ukoge kwa sabuni.

Iodini 131 hupungua nusu kila siku 8, nyingine hutoka na mkojo. Kwa hiyo mama alilala chumba chake, sahani yake, choo akimwaga maji mara mbili. Mwanangu wa miaka mitatu alisimama nje ya pazia akilia, "Nyanya!", naye akimpungia leso toka kitandani. Siku aliporuhusiwa aliagiza changu wa kupaka, akamketisha mjukuu mapajani, akawa amchambulia miiba.