Kamera Ilipopanda Begani: Maswali Yenu na Majibu

Kamera ya kwanza ya kubebeka ni ya miaka ya 1960, sivyo?

Sivyo. Ile ya ndugu Lumière wa Ufaransa, mwaka 1895, ilikuwa na kilo kama tano na ilizungushwa kwa mkono. Ya Edison, Marekani, ilikuwa nzito na ilitegemea umeme, hivyo watu walikwenda kupigwa picha studioni kwake New Jersey. Wapiga picha wa Lumière waliwafuata watu walipo.

Mbona filamu nyingi za zamani kamera imeganda? Hawakujua kuitembeza?

Swali hili hunijia kila mara, na kila mara muulizaji amesahau sauti. Enzi za filamu bubu kamera ilitembea vizuri tu. Mazungumzo yalipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1920, mngurumo wake ukawa adui, ikafungiwa kibandani. Kamera ya Arriflex ya 1937 ilikuwa nyepesi, lakini ilipiga kelele. Kilichoifungua tena ni kinasa sauti cha kubebeka cha Nagra, kazi ya Stefan Kudelski, pamoja na kamera tulivu zaidi za milimita 16. Mwaka 1960, Wisconsin, Marekani, mpiga picha Albert Maysles aliinua kamera juu ya kichwa akamfuata John Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, katikati ya umati hadi jukwaani. Kiangazi cha mwaka huohuo, Paris, katika filamu ya hali halisi, Marceline Loridan alitembea na Nagra yake, kamera ikiwa mbali, akiongea peke yake juu ya baba yake, aliyepelekwa naye Auschwitz na hakurudi. Sijui studio ambayo ingelipata jambo lile.

Godard, yule mwongozaji wa Ufaransa, naye si alirekodi mazungumzo papo hapo barabarani?

Katika filamu yake ndefu ya kwanza, hapana. Mpiga picha wake, Raoul Coutard, alishika kamera ya Cameflex, yenye kelele. Maneno yaliingizwa baadaye.

Ninunue kamera gani?

Tumia uliyo nayo. Pesa peleka kwenye maikrofoni. Naomba tusirudie.

Kamera ya mkononi si ndiyo inayosema ukweli?

Inakusogeza karibu, basi. Jean Rouch, Mfaransa aliyetengeneza filamu za hali halisi Afrika, alianzia Niger na kamera ya springi, ambayo haikufika hata nusu dakika kabla ya kuhitaji kutiwa ufunguo tena. Aliporudi Ayorou kuwaonyesha wavuvi filamu ya uwindaji wao wa viboko, walimkosoa: huo muziki wa nini? Kiboko ana masikio makali, mwindaji hunyamaza. Rouch akauondoa. Hiyo ndiyo heshima ninayoidai kwa kila mwenye kamera: rudi, waonyeshe, wakukosoe.

Hata hivyo mwaka 1965 Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu wa Senegal, alimwambia usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu, nami naona hoja ya Sembène ina uzito. Ukaribu haukumwondolea Rouch mamlaka ya kuchagua nini kionekane. Jibu bora lilitoka kwa Oumarou Ganda wa Niger, aliyeigiza mbele ya kamera ya Rouch Abidjan: mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiongoza filamu zake mwenyewe.

Na nyinyi mnaokimbilia ajali na simu kurekodi majeruhi kabla ya kuwapa mkono, acheni. Huyo aliyelala barabarani hawezi hata kukukatalia.

Nitikise kamera ili picha ionekane halisi?

Usitikise. Maysles alijitahidi kuituliza. Aliyumbishwa na msukumano wa watu.