Kabla hujatuma hela ya programu ya kupunguza mwili

Mwaka jana nilituma shilingi 120,000 kwa simu nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, kabla hata hatujafika Ubungo, kwa sababu ofa ilikuwa inaisha saa sita usiku. Nilikuwa na kilo 91 na magoti yalishaanza kuniuma. Hela ilipoingia tu nikaungwa kwenye grupu la WhatsApp, nikatumiwa ratiba ya siku 21.

Asubuhi uji wa oti na maziwa ya lozi. Mchana brokoli na kifua cha kuku. Usiku saladi yenye mbegu za chia. Mimi naishi Tabata na nyumbani tuko sita. Vitu hivyo nilivifuata supamaketi Mlimani City, na wiki ya kwanza vilikula hela kuliko ada yenyewe. Nikawa nabandika sufuria mbili, ya kwangu na ya nyumba. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho chakula utakila mpaka lini?" Nilikosa jibu. Swali hilo nakuomba ujiulize kabla hujalipa, maana mimi nilishalipa.

Kilo zilipungua, sikatai: nne ndani ya siku kumi. Ila hakuna aliyenieleza kwamba ukikata wanga ghafla, mwili unatumia akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takribani gramu 3 za maji. Kumbe nyingi za kilo zile zilikuwa maji. Nilipokwenda msibani Mbagala nikala pilau siku tatu kama wenzangu, kilo tatu zikarudi, na nikajichukia bure. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, wakati wengi wetu kwa siku nzima tunatumia kama 2,000 na kitu. Anayekuahidi kilo kumi za mafuta kwa siku kumi, piga hesabu mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni fomu ya kujiunga. Haikuuliza dawa ninazotumia. Mama mmoja kwenye grupu letu ana kisukari. Alikata wanga huku akimeza dozi yake ileile, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho, sukari imeshuka. Tena tuliuziwa na "chai ya tumbo", ambayo ndani yake ni sanamaki. Sanamaki inaharisha, mafuta haiyagusi. Kama unatumia dawa za sukari au presha, tafadhali anzia kwa daktari.

Baadaye nilikwenda kwa afisa lishe wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Alinipima uzito na kiuno, kisha akauliza nani anapika nyumbani, nani anapakua, na narudi kazini saa ngapi. Ugali hakuniondolea. Alisema ukae robo ya sahani, robo nyingine maharage au dagaa, nusu iliyobaki matembele au mchicha, na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Sasa tunakula sufuria moja. Miezi mitano, kilo sita.

Wapo wauza programu waliosomea lishe, na ni haki yao kulipwa. Hata lile grupu lilinisaidia jambo moja: kutuma picha ya sahani kila siku kulinifanya nisidanganye. Kama unachokosa ni mtu wa kukufuatilia, hiyo ni huduma ya kulipia. Ila muulize kwanza alisomea wapi, kisha mwombe ratiba ya siku moja tu, uisome jikoni pamoja na anayekupikia. Akikataa kukuonyesha mpaka ulipe, hela yako ibaki kwenye simu.